Mwandishi wa historia ya mieleka hapotezi wino

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wako wa michezo. Katika makala yake ya Jumapili iliyopita aliwagusa waandishi wa Marekani wanaofuatilia historia ya mieleka ya kulipwa, hasa ile ya zamani ya mikoani, kabla kampuni moja kubwa haijaimeza yote. Aliuliza mtu mzima anapata faida gani kuandika habari za mapambano ambayo mshindi wake alijulikana kabla watazamaji hawajakaa vitini. Akahitimisha kwamba kuandika historia ya jambo la kupangwa ni kupoteza wino.

Nimeisoma makala ile mara mbili na nimeona nisinyamaze.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi hapa Tanga. Asubuhi nilikuwa nafundisha, jioni nakaa mlangoni mwa banda la video la marehemu mume wangu, Ngamiani, nikipokea kiingilio. Vijana wa leo huenda hawajui kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi. Huku kwetu aliyetaka kuona mieleka alikuja bandani: deki moja, televisheni moja juu ya meza, mabenchi ya mbao, na jenereta nyuma ya ukuta kwa siku za kukatika umeme. Kanda zilikuja na basi kutoka Mombasa, nyingine zimenakiliwa na kunakiliwa tena hadi sura za watu zinatetemeka. Picha za Kihindi zilileta watu, za karate zilileta watu, lakini kodi ya banda ililipwa na usiku wa mieleka.

Nilikuwa na daftari. Kila usiku niliandika jina la kanda, wakubwa wangapi wameingia, watoto wangapi, fedha kiasi gani. Mume wangu alitaka hesabu tu. Safu ya mwisho niliiongeza mwenyewe, nikiandika watu wameipokeaje. Kuna ukurasa nimeandika "benchi la mbele limevunjika", kwa kuwa adui alimpiga stelingi kiti cha mgongo na watu wakasimama wote kwa pamoja. Kuna mwingine nimeandika habari ya mtoto aliyetoka bandani, akapanda ukuta wa jirani na kumrukia mwenzake kwenye lundo la mchanga kama alivyoona kwenye kanda. Alimtegua bega. Mama wa yule aliyerukiwa alikuja juu mpaka mlangoni, na mume wangu akalipa gharama za hospitali. Hata kama pambano la kwenye kanda lilikuwa limepangwa, bega lile halikupangwa na mtu.

Kitu kimoja kilinishangaza hata siku zile. Si kanda zote zilitoka kwenye kumbi kubwa zenye taa za rangi. Chache zilionyesha studio ndogo, watazamaji wa kuhesabika, mtangazaji amesimama nyuma ya meza kama anasoma matangazo ya vifo, na wanamieleka ambao hatukupata kuwaona tena mahali pengine. Wateja wangu walinung'unika, wanamtaka yule nyota Hulk Hogan. Mimi nilijiuliza wale watu ni akina nani na mji ule ni upi. Jibu nililipata nilipostaafu, mwanangu aliponinunulia simu ya kupangusa nikaanza kusoma. Waliojibu maswali yangu ni waandishi hao hao ambao mwandishi wako anawaona wapoteza wino.

Mwezi Julai 1948 mapromota wachache walikutana Waterloo, katika jimbo la Iowa, wakaunda chama kilichoitwa National Wrestling Alliance. Walikubaliana kugawana nchi. Kila promota awe na eneo lake, mwenzake asiingie, na bingwa mmoja wa dunia azunguke kwa zamu kila eneo apate kuuza tiketi kwa jina lake. Kwa miaka zaidi ya 30 mambo yalikwenda hivyo. Memphis walikuwa na mieleka yao ya kila Jumatatu usiku, Charlotte na yao, Dallas na yao, Portland na yao, na kule Kanada mji wa Calgary na yao. Mtu angeweza kuwa mfalme Memphis, akienda Portland asijulikane. Halafu mwaka 1982 Vince McMahon aliinunua kampuni ya baba yake huko kaskazini mashariki, naye mipaka ile ya wazee hakuiheshimu. Alinunua muda wa televisheni kwenye maeneo ya wenzake, akawachukua wanamieleka wao wakubwa, na katika miaka michache mikoa mingi ikafa.

Ilipokufa, nani angesimulia habari zake? Kanda nyingi za vituo vya mikoani zilikuwa zimefutwa na kurekodiwa vipindi vingine juu yake, maana kanda ilikuwa ghali. Mapromota wenyewe hawakuwa watu wa kueleza siri zao. Akabaki mwandishi.

Mwandishi wako anasema mambo yalipangwa. Ni kweli, yalipangwa. Kwa sababu hiyo hiyo kazi ya mwandishi wa mieleka ni ngumu kuliko ya mwandishi wa mpira. Wa mpira akitaka kujua Coastal Union walichukua ubingwa mwaka gani, atafungua kumbukumbu akute 1988, basi. Wa mieleka anafungua gazeti la zamani anakuta limedanganywa, anamfuata mhusika anamkuta ameapa kutosema, anafuata bango analikuta limetiwa chumvi. Inambidi aulize kila karatasi nani aliiandika na alitaka nani aamini.

Chukua ajali ya tarehe 4 Oktoba 1975. Ndege ndogo aina ya Cessna ilitoka Charlotte kwenda Wilmington, North Carolina, imebeba wanamieleka. Iliishiwa mafuta ikaanguka karibu na uwanja. Ndani yake alikuwamo Ric Flair, kijana wa miaka 26, akavunjika uti wa mgongo. Alikuwamo Johnny Valentine, nyota mkubwa wa eneo lile. Hakupanda ulingoni tena maisha yake yote. Rubani alifariki baadaye kutokana na majeraha. Na alikuwamo Tim Woods.

Woods ndiye aliyekuwa stelingi. Flair na Valentine walikuwa maadui, wale wa kuzomewa. Mashabiki walikuwa wanalipa kila wiki kwa kuamini kwamba Woods na Valentine hawawezi kukaa chumba kimoja bila kuumizana, sasa iweje wapande ndege moja? Woods alikuwa ameumia mbavu na mgongo, yuko hospitali, na bado alitoa jina lake la kuzaliwa badala ya jina la ulingoni, akasema yeye ni promota. Uvumi ulipoanza kuvuma alirudi ulingoni baada ya wiki chache tu, mwili haujapona, ili watu wamwone na waseme kumbe hakuwamo. Alifanya hivyo kulinda mkate wa wenzake wote wa eneo lile, wakiwamo wale maadui zake wa kwenye tiketi.

Ndugu Mhariri, mwandishi gani wa michezo hataki habari kama hii? Na ingejulikanaje kama hakuna mtu aliyekaa na wazee wale miaka baadaye, akawaacha waseme taratibu, akalinganisha maneno yao na orodha ya abiria na magazeti ya siku ile?

Kuna kisa kingine ambacho mimi, mtu wa mlangoni, kimenigusa zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Memphis ilikuwa bado mji wa ubaguzi. Katika ukumbi wa Ellis Auditorium watu Weusi walikalishwa roshani ya juu tu, na roshani ikijaa waliobaki walirudishwa nyumbani, hata kama huko chini viti vya Wazungu viko wazi. Alikuwapo mwanamieleka Mzungu aliyeitwa Sputnik Monroe, adui wa kazi, nywele zake zina kishungi cheupe mbele. Wazungu walimzomea. Weusi walimpenda, kwa sababu alikuwa akitembea Beale Street, mtaa wao, akinywa nao na kuwagawia tiketi. Polisi walimkamata kwa hilo, naye akaajiri wakili Mweusi kumtetea mahakamani.

Inasimuliwa kwamba Monroe alimhonga mtu wa mlangoni, yule aliyepewa kazi ya kuhesabu watu Weusi wanaoingia, ataje idadi pungufu. Promota akisikia roshani haijajaa, kumbe watu wamejaa hadi ngazini. Mwisho Monroe akasema hatapigana mpaka watu wake wakae watakapo, na promota, akiangalia fedha iliyosimama nje, akakubali. Ukumbi ukafunguliwa.

Nimekaa mlangoni miaka, najua uzito wa ile kazi ya kuhesabu vichwa. Najua mtu anavyokuomba "Bi Mwalimu, muingize na huyu, ni mdogo". Nilipokisoma kisa hiki nilimfikiria yule mhesabuji kuliko Monroe mwenyewe. Jina lake halitajwi popote nilipopata kusoma. Kama mwandishi mmoja wa Memphis angempata akiwa hai, akamuuliza usiku ule aliandika ngapi na alilala vipi, tungekuwa na ushahidi wa jinsi ubaguzi ulivyovunjwa katika jengo moja, na aliyeuvunja ni mtu ambaye kazi yake ilikuwa kuzomewa. Mapambano ya Monroe yalipangwa. Wale watu walioshuka roshani kukaa chini walishuka kweli.

Kuhusu idadi, nitasema jambo moja kwa haraka. Tarehe 29 Machi 1987, katika uwanja wa Pontiac Silverdome, Michigan, Hulk Hogan alipambana na Andre the Giant. Kanda ile niliionyesha mpaka ikakatika. Kampuni ya McMahon ilitangaza watazamaji 93,173 na namba hiyo imerudiwa mpaka leo. Mwandishi Dave Meltzer, aliyezifuatilia hesabu za tiketi, anasema walikuwa kama 78,000. Wapo wanaomkasirikia. Mimi namwona mwenzangu.

Waandishi hawa walijifunza kutafuta mahali ambapo promota hawezi kudanganya. Mwaka 1956 Wizara ya Sheria ya Marekani iliwabana wale mapromota wa National Wrestling Alliance kwa kujigawia nchi na kuwafungia milango wengine, wakasaini makubaliano mahakamani. Makaratasi ya kesi ile yameeleza biashara ya mieleka kuliko mahojiano mia ya ulingoni. Wengine wamechimba vitabu vya kamisheni za michezo za majimbo, vilivyoandika mapato kwa ajili ya kodi. Wengine wamekusanya mabango. Na wengine walikaa tu kwenye mji wao na kuandika kila wiki, kama Mike Mooneyham wa gazeti la The Post and Courier la Charleston, South Carolina. Charleston ni mji wa bandari kama Tanga. Kwa miaka mingi wasomaji wake walifungua gazeti la mji wao wenyewe wakakuta nani amefariki, nani anaumwa, na nani alipigana na nani katika ukumbi ambao wao au baba zao waliingia. Halikuwa gazeti la New York lililofanya hivyo.

Na hapa ndipo nilipotaka kufika.

Mwezi Septemba 2018 kijana wetu wa Tanga, Hassan Mwakinyo, alikwenda Birmingham, Uingereza, akampiga Sam Eggington katika raundi ya pili. Magazeti yote yaliandika, na lako liliandika vizuri. Tangu siku ile nimekuwa nikisubiri mtu aandike waliomtangulia. Mji huu ulikuwa na ngumi kabla Mwakinyo hajazaliwa. Nyimbo za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz tunazo mpaka leo kwa sababu ziliingia kwenye santuri. Mabondia waliopigana miaka ileile, watu wakatoka hapo kwenda kucheza dansi, hawana santuri. Magazeti yaliyowataja yamefungiwa karanga.

Hapa mtaani kwetu yuko mzee mmoja, alikuwa mpagazi bandarini na bondia. Sebuleni kwake kuna bango limebandikwa kwenye kipande cha mbao. Wino mwekundu umepauka ukawa kama maji ya zabibu, pembe ya chini imeliwa na mchwa pamoja na nusu ya jina la ukumbi. Juu limeandikwa "Jumamosi 9 Desemba, Sikukuu ya Uhuru", majina ya mabondia wanne, kiingilio cha wakubwa na watoto, na kwamba baada ya ngumi kutakuwa na dansi. Mwaka haumo. Mabango hayaandiki mwaka, maana mtengenezaji alikuwa anawaza Jumamosi ile tu. Wenye kukusanya mabango ya mieleka Marekani wanalia kilio hichohicho.

Nilimuuliza mzee ni mwaka gani. Alisema "zamani, mwanangu". Basi nikafanya kama nilivyowaona wale waandishi wakifanya. Katika miaka ya 1960 na 1970, tarehe 9 Desemba iliangukia Jumamosi mwaka 1961, mwaka 1967, mwaka 1972 na mwaka 1978. Hata mwaka 1967 mzee alikuwa bado anasoma Lushoto, hakuwa amekanyaga bandarini. Desemba 1978 nchi ilikuwa vitani na Idi Amin, na mdogo wake alikuwa mstari wa mbele; anasema asingeweza kupigana ngumi za sikukuu huku mama yao hajui kama mtoto yu hai. Unabaki mwaka 1972. Nilipomtajia alikaa kimya kidogo, kisha akaanza kukumbuka mengine: kwamba mpinzani alitoka Mombasa, kwamba glavu za kulia na kushoto hazikuwa za jozi moja, kwamba mwamuzi alikuwa mwalimu wa shule. Yeye anasema alishinda kwa kumwangusha mtu raundi ya tatu. Mke wake, aliyekuwapo, anasema walimaliza raundi zote na ushindi ulikuwa wa pointi. Wanabishana mpaka leo, mimi nimewasikiliza wote wawili na wote wanasema kwa uhakika.

Mimi siwezi kwenda mbali zaidi ya hapo. Anayeweza ni mwandishi wako. Magazeti ya Jumatatu tarehe 11 Desemba 1972, likiwamo Uhuru, hayajapotea yote. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam inahifadhi magazeti ya zamani. Kijana mmoja mwenye kitambulisho cha gazeti, akipewa siku moja tu ya kukaa pale na kufunua kurasa za michezo, anaweza kumaliza ubishi wa mke na mume, na akakuta na habari za wale wengine watatu. Huenda wengine wako hai. Huenda yule wa Mombasa yuko hai.

Kwa hiyo ombi langu kwako si kubwa. Toa nusu ukurasa, mara moja kwa mwezi, kwa historia ya michezo ya mikoani: ngumi za Tanga, mbio za ngalawa, mpira wa mchangani, hata mabanda ya video, kwa kuwa nako watu walikuwa wanajifunza nani wa kumshangilia. Usimwandike bingwa wa taifa, huyo ana wa kumwandika. Na umpe kazi hiyo mwandishi yuleyule wa Jumapili, maana anaandika Kiswahili kizuri na ana jicho la kutilia shaka, jambo ambalo kazi hii inalihitaji kuliko mapenzi.

Akija Tanga, ashuke Ngamiani, aingie Barabara ya 12 na kumuulizia Bi Mwalimu. Mzee hupatikana baada ya Alasiri siku zote isipokuwa Jumanne, siku ya kliniki ya presha. Mke wake ahojiwe peke yake kwanza, mzee asiwepo, kwa sababu akiwepo anamkatiza. Aje na kamera nzuri ya kupiga lile bango kabla mchwa hawajafika kwenye majina. Daftari langu la bandani nitampa alisome na kulipiga picha hapa hapa kibarazani, ila asiondoke nalo.

Bi Mwalimu,
Ngamiani, Tanga